Yatima Akiisha Kukua, Aende Wapi?

Kijijini, mtoto akifiwa na wazazi, watu hawaulizi maswali mengi. Siku za kilio zikiisha, wazee huketi pamoja na kuamua: huyu mkubwa atakwenda kwa baba yake mdogo, na huyu wa mwisho atabaki kwa bibi yake. Mtoto anabadili nyumba, lakini habadili watu. Atakula bukari ileile na sombe ileile, atachota maji katika kisima kilekile, na siku atakapoota ndevu hakuna atakayemwambia, "Miaka yako imetimia, sasa toka."

Kwa hiyo katekumeni wa kijijini, akisikia kwamba huko mjini ziko nyumba kubwa wanamolelewa watoto wasio na jamaa, hushangaa mara mbili. Kwanza hushangaa kwamba wako watoto wasiokuwa na mtu hata mmoja wa kuwapokea. Tena, akiisha kuambiwa kwamba watoto hao wakifikia utu uzima hutoka katika nyumba hiyo wakajitegemee, hushangaa zaidi, naye huuliza: "Huu ni upendo wa namna gani, kumlea mtoto na kisha kumtoa mlangoni?"

Swali hilo ni jema, wala halifai kujibiwa kwa haraka. Ni lazima kwanza kujua mambo yalivyo.

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966. Ulijengwa kwa ajili ya shaba. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali: wengine Kasai, wengine nchi ya Wabemba na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, wengine hata Rwanda. Mtu wa namna hiyo alikuja na mke wake, au akaoa huko huko, na ukoo wake ukabaki nyuma, mwendo wa siku nyingi. Alipokufa, watoto wake hawakuwa na baba mdogo karibu, wala bibi. Kwa miaka mingi kampuni ya shaba ndiyo iliyokuwa kama ukoo: ilitoa nyumba, ilitoa posho ya unga, ilikuwa na shule na hospitali. Lakini kampuni si ukoo. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba karibu kila mwaka. Mwaka 1994 hazikufika hata 40,000. Mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa. Mnamo mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini kwa malipo ya mara moja. Juu ya hayo zikaja vita za mwaka 1996 na 1998, na watu waliokimbia makwao wakaingia mjini wakiwa na watoto, au watoto wakiingia peke yao.

Basi ndivyo watoto walivyoanza kulala sokoni na kando ya reli, wakibeba mizigo ya watu mchana na kujifunika magunia usiku.

Tena liko jambo lililo baya kuliko njaa. Baba amefiwa na mke, ameoa mwingine. Katika nyumba kuna ugonjwa, kazi haipatikani. Ndipo mtu mmoja anasema kwamba mlozi ni yule mtoto wa mke wa kwanza. Mtoto wa miaka minane! Anapigwa, ananyimwa chakula, mwisho anafukuzwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, inayowalinda watoto wote walio chini ya miaka 18, inamwadhibu kwa kifungo mtu anayemshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ni njema, lakini haiwezi kulala usiku katika kila nyumba. Mkristo anayesikia jirani akimtupia mtoto neno hilo, akanyamaza kwa kuogopa ugomvi, naye ameshika upande mmoja wa fimbo.

Kwa hiyo wengi katika watoto hao wana baba aliye hai au mama aliye hai. Ni yatima wa watu wasiokufa.

Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville tarehe 10 Novemba 1911. Walikuwa sita, na mkubwa wao Padri Joseph Sak, ambaye baadaye alikuwa Askofu huko Sakania. Mji ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Walifungua shule ya kusoma, na pamoja nayo shule ya kazi za mikono. Warithi wao wangali Lubumbashi hata leo, nao wana nyumba kadhaa kwa ajili ya watoto wa barabarani. Mojawapo, iitwayo Bakanja-Ville, iko katikati ya mji. Huko mtoto anayetoka barabarani aweza kuoga, kula, na kulala pasipo hofu. Wengine huendelea katika nyumba nyingine, wakasoma. Na vijana wakubwa hufundishwa kazi ya mikono katika nyumba iitwayo Bakanja-Magone. Majina hayo mawili yana maana, na habari zake zinakuja.

Sasa lirudiwe lile swali. Mtoto amepokelewa, amekula, ameponywa upele wake, amejua kusoma. Je, deni la upendo limelipwa?

Mtoto wa kijijini hujifunza maisha bila kujua kwamba anajifunza. Akiwa na miaka sita anamfuata mama yake shambani na kijembe chake. Anaona mbegu zikiwekwa akiba juu ya moshi, na hata njaa ikija haziliwi. Anamsikia baba yake akipatana bei ya mbuzi. Usiku anasikia wazazi wakigombana, na asubuhi anaona mama anampa baba maji ya kunawa; basi anajua, pasipo kufundishwa na mwalimu, kwamba ugomvi si mwisho wa ndoa. Anaona mjomba anavyokopa, na anavyoona haya akichelewa kulipa. Anawaona wazee wakijadili mahari kwa maneno ya kuzunguka-zunguka. Mtu akifa, anaona nani anachimba kaburi, nani analeta kuni, nani anakaa na mjane. Mambo hayo yote ni shule, nayo haina kitabu.

Mtoto wa nyumba ya yatima, hata ikiwa nyumba njema sana, hayaoni. Kengele inalia, anaamka. Kengele inalia, chakula kiko mezani. Unga umetoka wapi? Ghalani. Na ghalani umefikaje? Gari lilikuja. Sabuni ikiisha, Sista anatoa nyingine. Nguo ikichanika, iko nyingine katika kabati. Hajamwona mwanamume na mwanamke wakihesabu fedha ya mwezi juu ya meza na kuona kwamba haitoshi. Hajawahi kuchagua kati ya makala ya kupikia na daftari la mtoto. Anajua amri kumi za Mungu na ratiba ya siku, na katika hizo mbili, ya pili ndiyo inayomwongoza zaidi.

Siku moja anatimiza miaka 18. Na ichukuliwe kwamba amepewa fedha kidogo, amepanga chumba huko Katuba. Juma la kwanza ananunua viatu na kuwaalika rafiki zake. Juma la pili hana makala. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba anadai kodi, naye anatazama juu kwa mshangao, maana tangu utoto wake hakuna paa lililomdai kitu. Anagombana na mwajiri siku ya nne, kwa sababu hajui kwamba mtu mzima aweza kukemewa na asifukuzwe. Akiugua, analala peke yake chumbani akingoja mtu aje amuulize, hakuna anayekuja.

Je, kijana huyo ni mvivu? Hapana, kwa miaka kumi aliamka saa kumi na moja asubuhi. Ni mpumbavu? Labda alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Alifundishwa kutii, wala hakufundishwa kuchagua. Kosa hilo ni la nyumba.

Hapa pana jambo la ndani, nalo linawahusu makatekumeni kuliko wanavyodhani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba fadhila ni desturi njema ya moyo, inayokomaa kwa kutendwa mara nyingi, kwa akili na kwa hiari. Mtu aliyefungwa kamba asianguke hawezi kusifiwa kwamba amesimama. Mtoto asiyeiba kwa sababu kila kitu kimefungiwa, bado hajawa mwaminifu. Anaweza kuwa, lakini hakuna ajuaye, wala yeye mwenyewe hajui. Na busara, ambayo ndiyo mama wa fadhila nyingine, haiwezi kumjia mtu ambaye hajaruhusiwa kamwe kukosea. Kwa sababu hiyo mlezi mwenye akili hutoa nafasi ya makosa madogo. Humpa mtoto wa miaka kumi na miwili franka chache, asimwulize amezitumiaje. Akizimaliza zote kwa mandazi siku ya kwanza, na siku ya tatu akataka kalamu na hana, mlezi hukaza moyo. Ni vigumu sana kukaza moyo mbele ya mtoto ambaye maisha yamekwisha kumkazia moyo. Lakini afadhali ajute kwa ajili ya kalamu akiwa na miaka kumi na miwili kuliko kwa ajili ya mshahara wa mwezi mzima akiwa na mke na mtoto mgonjwa.

Mtu atasema: "Maneno hayo ni ya watu walioshiba. Mtoto mwenye njaa apewe chakula kwanza, habari za busara zije baadaye." Ni kweli, na hakuna anayekataa. Aliyezama majini hafundishwi kuogelea, anavutwa nje. Hatari iko katika lile neno "baadaye." Nyumba nyingi zilianza kwa kuwavuta watoto majini, zikazoea kuvuta, zikaendelea kuwashika mkono watu waliokwisha simama penye nchi kavu. Kulisha kuna matokeo yanayoonekana jioni ileile, hata wageni wakija wanaweza kuyapiga picha. Kumfundisha kijana kuweka akiba hakuna picha. Wageni wengi huleta pipi na mipira. Ni wachache waletao misumeno na randa.

Sheria ya Musa inastahili kutazamwa hapa. Katika Kumbukumbu la Torati Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu anapovuna, akisahau mganda shambani, asirudi kuuchukua. Na anapopiga mzeituni au kuchuma zabibu, asirudie mara ya pili. Yanayobaki ni ya mgeni, ya yatima na ya mjane. Mungu angeweza kuagiza kwamba mwenye shamba avune yote, asage, aoke mikate, na kuwapelekea yatima mlangoni. Hakuagiza hivyo. Aliacha sehemu ya kazi mikononi mwa yatima mwenyewe, akaingie shambani pamoja na wavunaji, ainame, akusanye, ajitwishe. Jioni anarudi na nafaka aliyoiokota yeye. Mwenye shamba ametoa mali yake, na yatima hakupoteza heshima yake. Waswahili nao husema mgeni apewe chakula siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Wanaosema hivyo kwa uchoyo wapo, lakini aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Don Bosco mwenyewe alikuwa yatima. Alizaliwa mwaka 1815 katika kitongoji cha Becchi, Italia, na baba yake, Francesco, alikufa mwaka 1817, mtoto hajafikisha miaka miwili. Mama yake, Margherita, mkulima asiyejua kusoma, aliwalea watoto kwa jembe. Giovanni Bosco alipopata upadri mwaka 1841 alikuta mji wa Turin umejaa vijana waliotoka vijijini kutafuta kazi ya uashi na kubeba matofali, na wengi waliishia gerezani.

Mwanzo wa kazi yake haukuwa mzuri. Usiku mmoja aliwalaza vijana kadhaa juu ya majani makavu, akawapa mashuka na mablanketi. Kulipokucha hawakuwapo vijana, wala mashuka, wala mablanketi. Ni vema habari hiyo ijulikane, maana watu hudhani kwamba watakatifu hawaibiwi. Halafu, katika Mei ya mwaka 1847, mvua ikinyesha, kijana wa miaka kama kumi na mitano akabisha hodi, amelowa maji. Alikuwa yatima, ametoka mbali kutafuta kazi ya uashi, na fedha yake kidogo imekwisha. Mama Margherita alimpa chakula, akamkausha penye moto. Kisha ilihitajika kitanda. Yule mama, akisaidiwa na kijana mwenyewe, alitoka nje akakusanya vipande vya matofali, wakajenga nguzo fupi nne, wakatandika mbao juu yake. Kabla ya kulala mama akamwambia maneno machache juu ya kazi, uaminifu na dini. Na sufuria? Usiku ule vyombo vya jikoni viliwekwa mahali pa salama, kwa kuwa mama hakuwa amesahau mablanketi.

Katika habari hiyo fupi yamo mambo yote. Kijana anapokelewa kabla ya kuulizwa anastahili nini. Anashiba kwanza. Lakini kitanda chake anakijenga kwa mikono yake pamoja na mwenye nyumba, usiku uleule wa kwanza, wala hangojei miaka minane. Naye haaminiwi ovyo. Uaminifu atauonyesha siku kwa siku.

Baadaye Don Bosco aliwatafutia vijana wake mabwana wa kazi mjini, akaona kwamba bwana wengi waliwapiga, wakawatuma sokoni badala ya kuwafundisha ufundi. Basi akaanza kuandika mapatano. Mojawapo, la tarehe 8 Februari 1852, la kijana aliyejifunza useremala, limehifadhiwa hata leo. Bwana anaahidi kumfundisha kijana kazi kwa miaka miwili, kumrudi kwa maneno tu wala si kwa njia nyingine, kumwacha huru siku za sikukuu, na kumlipa ujira unaoongezeka kadiri anavyoendelea. Kijana naye anaahidi bidii na utii. Padri anatia sahihi. Mwaka 1853 alianza kufungua karakana zake mwenyewe: washona viatu na washona nguo, kisha wafunga vitabu, maseremala, wapiga chapa na wahunzi.

Jambo lingine alilofanya husahauliwa mara nyingi, nalo labda ndilo la maana zaidi. Mwaka 1850 vijana wake walianzisha chama cha kusaidiana. Kila mmoja alitoa senti kidogo kila Jumapili; na mwanachama akiugua, alipokea msaada kila siku mpaka apone. Watu wa Kongo watatambua mara moja ndugu wa likelemba. Vijana wale walikuwa maskini, wengine hawakuwa na baba wala mama, nao walikuwa wakijifunza kwamba yatima pia aweza kuwa mtu wa kuwasaidia wengine. Hakuna kinachomtoa mtu katika uyatima upesi kama siku anapopeleka supu kwa mgonjwa na supu hiyo imetoka katika fedha yake.

Jina la Magone limetoka huko. Michele Magone alikuwa mtoto aliyefiwa na baba, mkubwa wa kikundi cha watoto wahuni katika stesheni ya Carmagnola, ambako Don Bosco alimkuta mwaka 1857 akingoja treni. Alimchukua, akamlea. Michele alikufa mwezi wa Januari 1859, akiwa na miaka kumi na mitatu tu. Hakupata kuwa fundi wala baba wa nyumba. Vijana wa Lubumbashi wanaoitwa kwa jina lake wanafanya kazi ambayo yeye hakujaliwa muda wa kuifanya.

Lakini pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, na wazee wa kijijini ndio wanaolileta. Husema hivi: "Mtu hajitegemei. Anayejitegemea ni mnyama wa porini. Mtu ana baba, ana mjomba, ana wakwe, ana watu wa rika lake. Nyumba inayomfundisha mtoto kusimama peke yake inamfundisha kuwa mgeni popote."

Wazee hawa wana haki zaidi kuliko walezi wengi. Kama kujitegemea maana yake ni kutohitaji mtu, basi ni kiburi, na mwisho wake ni upweke. Mungu mwenyewe, katika fumbo la Utatu Mtakatifu, si mpweke; na alipomwumba Adamu aliona si vema akae peke yake. Mtu mzima kweli ni yule anayejua ni nani wa kumwendea akiwa na shida, na ambaye wengine humwendea yeye. Hapo ndipo yatima anapopungukiwa zaidi, kuliko hata ufundi. Seremala asiye na jamaa, akivunjika mkono, amekwisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya nyumba ya watoto, kabla ya karakana na kabla ya shule, ni kutafuta watu wa mtoto. Ni kazi ya miguu na ya subira. Mtoto anakumbuka jina la mtaa, au la kanisa, au mwembe uliokuwa mbele ya nyumba. Mlezi anakwenda, anauliza, anarudi. Akimpata mama, hamwachii mtoto siku ileile na kuondoka. Anakaa, anasikiliza kwa nini alitoka. Mara nyingine kuna baba wa kambo mwenye fimbo, na mtoto hawezi kurudi bado. Mara nyingine kuna umaskini tu, na hapo gunia la unga na mtaji mdogo wa kuuza samaki vyaweza kumrudisha mtoto kwao kwa gharama ndogo kuliko kitanda cha mwaka mmoja. Ikumbukwe pia kwamba nyumba iliyojengwa vizuri, yenye umeme na chakula mara tatu, humjaribu mama maskini; ataona afadhali ampeleke mtoto huko. Haifai kumhukumu. Inafaa zaidi kumsaidia kubaki na mtoto wake.

Na kama watu hawapatikani, au wamemkataa kabisa? Hapo Wakristo wanaoishi karibu na nyumba hiyo hawana mahali pa kujificha. Waraka wa Yakobo unawataja yatima na wajane hapo unapoeleza dini iliyo safi, nao hukuwaandikia Mabruda na Masista peke yao. Kijana anayetoka anahitaji familia moja ya kumwalika Jumapili, ili aone jinsi mume anavyosema na mke wake. Anahitaji fundi mmoja atakayemwambia ukweli juu ya meza aliyoitengeneza vibaya. Akitaka kuoa, nani atakwenda kuposa kwa niaba yake? Wakwe watauliza, "Ukoo wake ni upi?" Jumuiya ya Wakristo ikituma wazee wawili wakasema, "Huyu ni wetu," neno hilo lina thamani kuliko sanduku la vyombo. Ubatizo unamfanya mtu kuwa mtoto wa Mungu na ndugu wa Wakristo wote. Siku ya posa ndiyo siku inapojulikana kama waliosema hivyo walikuwa wakiamini.

Isidori Bakanja, ambaye nyumba zile za Lubumbashi zinaitwa kwa jina lake, alikuwa kijana mfanyakazi, mbali na kwao. Alitoka kijijini akaenda Mbandaka, akawa msaidizi wa waashi. Hapo alijifunza dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Katekumeni kama wengine, mikono ina saruji. Baadaye alikwenda kufanya kazi ya nyumbani kwa Mzungu mmoja katika mashamba ya Ikili, na huko hapakuwa na padri, wala kengele, wala mlezi. Alikatazwa kusali na kuwafundisha wenzake. Akaamriwa kuvua skapulari ya Bikira Maria. Hakuvua. Alipigwa viboko vibaya mno, madonda yakaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe aliyempiga. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Wale waliomfundisha Mbandaka hawakuwapo Ikili. Hawakuweza kumsaidia kuchagua. Kama imani yake ingalikuwa ratiba tu, ingalikoma mahali ratiba ilipokoma. Ndiyo sababu jina hilo linafaa nyumba ya watoto ambao siku moja watatoka: kila mlezi anamwandaa mtoto kwa ajili ya saa ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo.

Lakini je, mlezi akiisha kumwandaa, amemaliza? Katika Biblia yupo yatima mmoja mashuhuri, Ester, aliyefiwa na baba na mama, akalelewa na Mordekai, jamaa yake, kama binti yake mwenyewe. Alipochukuliwa katika nyumba ya mfalme, Mordekai hakuweza kuingia huko. Hakumfuata, hakumwamulia mambo. Hata hivyo kila siku alikwenda akatembea mbele ya ua wa nyumba ya wanawake, apate kujua hali ya Ester. Na saa ya hatari ilipofika, Ester alijua mahali pa kumpata, naye Mordekai akamwambia ukweli mchungu, kisha akamwacha aamue. Ester akaamua, akaingia kwa mfalme peke yake.

Kijana wa Lubumbashi aliyepanga chumba Katuba anahitaji mtu wa namna hiyo. Mwezi wa kwanza Bruda apite jioni, asiingie kama mkaguzi. Aulize tu kama makala yapo, kama bwana wa kazi amelipa, kama lile paa linavuja. Mwezi wa sita apite mara moja. Na Jumapili moja, ikimpendeza Mungu, kijana atakuja mwenyewe katika nyumba aliyolelewa, amebeba msumeno wake, kwa sababu amesikia kwamba mlango wa bweni la watoto wadogo umelegea bawaba.